Kabla ya kusimamisha kemo

Ninyi mnaomuuguza mgonjwa wa saratani, msianze na "tuache au tuendelee". Anzeni na hili: kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, inalenga nini? Saratani nyingi zikishasambaa hadi kwenye ini, mapafu au mifupa, kemo haitolewi tena ili kuponya, hutolewa kupunguza kasi ya ugonjwa na dalili zake. Wapo walioambiwa hivyo siku ambayo hofu ilikuwa imewaziba masikio. Muulizeni daktari upya, na mmoja wenu aandike majibu.

Kisha chukueni kalenda. Kama dripu ni kila baada ya siku 21, andikeni: leo amekula, ametoka nje akapiga soga, leo amelala kutwa, kinywa vidonda vitupu, hata maji hayapiti. Mzunguko wa pili ukiisha, hesabuni. Siku nzuri zikiwa nne tu, daktari ataelewa zaidi kuliko kuambiwa "anachoka sana". Naye ana kipimo chake: mgonjwa anayeshinda kitandani au kitini zaidi ya nusu ya saa anazokuwa macho huwekwa daraja la 3, na hapo mara nyingi kemo humtesa kuliko kumsaidia. Si saratani zote, kwani zipo zinazoitikia dawa upesi hata mgonjwa akiwa hoi, kwa hiyo ulizeni kuhusu ya kwenu.

Kusimamisha kemo si kuacha kutibiwa. Ombeni tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mateso mengine ya ugonjwa, mapema, hata kabla ya kuamua. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010, wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa waligawanywa: walioongezewa tiba shufaa tangu mwanzo nusu yao waliishi zaidi ya miezi 11.6, na nusu ya wenzao zaidi ya miezi 8.9. Kwa maumivu makali kuna mofini ya maji, hunywewa kila saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haiharakishi kifo, ingawa uvumi huo haufi.

Jueni pia nani atapigiwa simu maumivu yakizidi saa nane za usiku, na nani atamsemea mgonjwa akipoteza fahamu. Ndugu aliye mbali aelezwe sasa, maana huyo ndiye hufika mwishoni akidai kila kitu kifanyike.

Na kama mgonjwa anataka dripu moja zaidi kwa kuwa anasubiri harusi ya mwanawe, hiyo ni sababu ya kutosha kuijadili. Mtajieni daktari tarehe ya harusi. Huenda akashauri kuiruka dripu hiyo ili siku ile aweze kukaa harusini.