Jinsi ya kuomba matibabu ya uraibu ukiwa nesi Texas, na leseni yako ibaki

Nawaandikia manesi wenzangu waliotoka nyumbani, wakafanya NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi Marekani, wakapata leseni ya Texas, na sasa wanakimbizana na kazi mbili Dallas au Houston huku pombe au vidonge vimeshawashika. Wengi wenu mnaamini zimebaki njia mbili, kuficha au kupoteza kila kitu. Sivyo. Ipo njia nyingine iliyowekwa na sheria, ila humfaa zaidi anayekwenda mwenyewe kuliko anayepelekwa. Ukisubiri hadi hesabu za mashine ya dawa wodini zikufichue, nusu ya kinga ninayoieleza hapa itakuwa imekwisha.

Njia hiyo inaitwa Texas Peer Assistance Program for Nurses, kwa kifupi TPAPN. Ipo tangu 1987. Inaendeshwa na Texas Nurses Foundation, na Bodi ya Uuguzi ya Texas imeiidhinisha. Kifungu cha 301.410 cha sheria ya uuguzi ya jimbo kinasema anayewajibika kumripoti nesi mwenye tatizo la ulevi au dawa za kulevya anaweza kumripoti TPAPN badala ya Bodi. Sharti ni kwamba pasiwe na kosa la kikazi. Kama umechukua fentanyl, dawa kali ya maumivu, ya mgonjwa, umeandika kwenye chati dawa ambayo hukumpa, au umehudumia watu ukiwa umelewa, Bodi lazima ijulishwe. Kwa hiyo jiulize leo, kwa ukweli: tatizo langu limeshafika kitandani kwa mgonjwa, au bado liko nyumbani kwangu? Jibu hilo ndilo litakaloamua uanzie wapi.

Kwanza, mwili

Usiache ghafla peke yako. Unalijua hili kwa sababu umelifundisha kwa wagonjwa: kukatisha pombe au benzodiazepini (vidonge vya usingizi na wasiwasi kama Valium) kunaweza kuleta degedege na kuua. Lakini nesi anapokuwa yeye mgonjwa, hujifungia chumbani na drip na vidonge alivyojipatia, akidhani ujuzi wake unatosha. Hautoshi. Nenda hospitali usiyofanyia kazi, au piga 1-800-662-4357, simu ya serikali kuu ya kutafutiwa matibabu, isiyolipiwa, saa 24. Kama mawazo ya kujiua yamekuja, piga 988 sasa hivi; mengine yote humu yatasubiri.

Kumbukumbu za matibabu ya uraibu Marekani zina ulinzi wake, kanuni ya serikali kuu iitwayo 42 CFR Part 2, mkali kuliko ule wa faili la kawaida la hospitali. Kwa kawaida kituo cha tiba hakiwezi kumwambia mwajiri kwamba uko pale bila ruhusa yako ya maandishi. Ndiyo maana kila fomu ya ruhusa isome polepole: nani anapewa, anapewa nini, na ruhusa inaisha lini.

Pili, wakili kabla ya saini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu miongozo waliyoandikiwa manesi wazaliwa wa Marekani huliruka jambo hili. Kama wewe si raia, hata kama una kadi ya kijani, zungumza na wakili wa uhamiaji kabla hujaandika maelezo yoyote kuhusu dawa. Sheria ya uhamiaji inautaja uraibu wa dawa za kulevya kuwa sababu ya kuondolewa nchini, na haidai kwanza uwe umehukumiwa mahakamani. Pia, kukiri kosa la dawa zinazodhibitiwa kunaweza kukuletea shida siku unapotua uwanja wa ndege ukitoka kumzika mzazi nyumbani. Ofisi ya waajiriwa ikikuita na kukupa karatasi ueleze kilichotokea kwa maneno yako, jibu kwa heshima kwamba utajibu kupitia wakili. Usiandike mstari hata mmoja kwa hofu, wala kwa kutaka waone wewe ni mwema.

Hii haina maana uahirishe tiba. Wakili yuko pale kuangalia unachosaini. Kulazwa au kutolazwa ni shauri lako na daktari.

Utahitaji pia wakili wa leseni za afya. Angalia bima yako binafsi ya uuguzi, ile uliyoinunua ukaisahau. Nyingi hulipia utetezi mbele ya Bodi.

Tatu, likizo

Sheria ya likizo ya kifamilia na ya matibabu ya 1993, FMLA, inakupa hadi wiki 12 bila mshahara, huku bima ya afya ikiendelea. Uwe umemfanyia mwajiri huyo miezi 12, umetimiza saa 1,250 katika mwaka uliopita, na awe na wafanyakazi 50 au zaidi ndani ya maili 75. Kutibiwa uraibu kunahesabika. Kukosa kazi kwa sababu umelewa hakuhesabiki, na kuwa likizoni hakumzuii mwajiri kukuadhibu kwa kanuni zake za dawa na ulevi ikiwa anazitumia kwa wote. Omba kabla ya tukio.

Unapoomba, sema una hali ya kiafya inayohitaji matibabu, chukua fomu ya daktari, irudishe ndani ya siku 15. Msimamizi wako wa wodi haruhusiwi kumpigia daktari wako. Na tafadhali, usimweleze mwenzako wa zamu, hata kama mmetoka kijiji kimoja. Kundi la WhatsApp la wanajumuiya halina kifungu cha siri.

Nne, TPAPN

Ukiwa na ushauri wa wakili mkononi, piga simu mwenyewe. Uwe na namba ya leseni, orodha ya dawa zote unazotumia, jina la kituo unakotibiwa na tarehe uliyotumia mara ya mwisho. Watakuelekeza kwa mtaalamu wa kukutathmini, na utatakiwa usiguse kazi ya uuguzi hadi ithibitike uko salama kurudi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, maana nyumbani wanasubiri karo na kodi. Ongea na familia mapema, sema unaumwa na hela zitapungua kwa miezi kadhaa. Si lazima utaje ugonjwa.

Baada ya tathmini utasaini mkataba. Ukijipeleka bila kosa la kikazi na ukautimiza, jina lako halipelekwi Bodi. Ukiuvunja, linapelekwa. Mkataba ni wa muda mrefu, mara nyingi unahesabiwa kwa miaka, na gharama za vipimo hutoka mfukoni mwako.

Leseni ya majimbo mengi, ile inayokuruhusu kufanya kazi hata nje ya Texas, je? Makubaliano kati ya majimbo yanayoitoa yanasema wazi kwamba haki ya kufanya kazi nje ya jimbo lako husimamishwa muda wote uko kwenye programu kama hii. Kama wewe ni nesi wa mikataba ya kusafiri, panga kubaki Texas.

Kama unatibiwa kwa buprenofini uraibu wa opioidi (dawa za jamii ya morfini na heroini), liseme mwanzoni kabisa na uliza msimamo wao. Usikubali kuambiwa uiache kirahisi tu. Mwaka 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani ilikuta kwamba Bodi ya Uuguzi ya Indiana ilivunja sheria ya watu wenye ulemavu kwa kuwafungia nje ya programu ya msaada manesi wanaotumia dawa hizo.

Tano, kurudi zamu

Utarudi na masharti: pengine hutashika dawa za kundi la morfini kwa miezi kadhaa, hakuna zamu za usiku wala za ziada, hakuna kazi ya nyumba kwa nyumba, na kazini kutakuwa na mtu anayeandika ripoti juu yako. Kila siku utaingia kwenye mfumo kuangalia kama umeitwa kupimwa. Kutoingia ni kosa, hata kama umesafiri.

Vipimo vyenyewe ni vikali. Kile cha mkojo cha EtG hukamata pombe ya hadi siku tatu nyuma. Kile cha damu, PEth, wiki mbili hadi nne. Kwa hiyo achana na dawa ya kusukutua yenye alkoholi na mikate yenye mbegu za popi, ambazo huweza kuonekana kama morfini kwenye kipimo. Mwombe padre akuruke kwenye kikombe cha divai. Dawa ya kikohozi yenye kodini uliyoletewa kutoka nyumbani, itupe. Tramadoli vilevile, Marekani inadhibitiwa tangu 2014. Na miraa, ambayo Meru ni zao la biashara, ina kathinoni, kemikali ya kusisimua mwili, na huku kathinoni iko kundi la kwanza la dawa zinazodhibitiwa, pamoja na heroini. Wapo wanaodhani miraa haihesabiwi. Inahesabiwa.

Kama barua ya Bodi imeshafika

Usiitupe, na usiijibu mwenyewe. Ina tarehe ya mwisho. Mpelekee wakili siku hiyo hiyo, halafu anza tiba wiki hiyo hiyo, maana Bodi huangalia ulifanya nini baada ya kujua. Bodi yenyewe inaweza kukupeleka TPAPN.

Usisalimishe leseni kwa aibu. Ukiisalimisha kwa hiari uchunguzi ukiendelea, hilo linaandikwa kama hatua ya nidhamu, linaonekana na umma, linaingia kwenye NPDB, hifadhidata ya taifa ya hatua za nidhamu dhidi ya wahudumu wa afya, na kila bodi utakayoiomba leseni baadaye italiona. Mtu akikuwekea karatasi ya kusalimisha mezani na kukuambia ndiyo njia nyepesi, ikunje, itie mfukoni, na uondoke nayo kwa wakili.