Somo: "Departure" na ndugu zake, utumie lipi na wapi

Swali la "departure", "exit" na "leave" linarudi kila wiki, nami nimechoka kulijibu vipande vipande. Nimeyaweka yote hapa. Soma mpaka mwisho ndipo uulize.

1. "Depart" ni kitenzi, "departure" ni nomino. Tusonge mbele.

2. Angalia nani anaondoka. Safari ya ndege, treni, meli au mgeni wa heshima ni "departure". Kutoka ndani ya kitu chenye mpaka, kama jengo, jukwaa au mashindano, ni "exit". Umati unaohama kwa pamoja ni "exodus". Watu wanaoondolewa mahali pa hatari ni "evacuation". Jeshi linaloondoka, au nchi inayojitoa kwenye mkataba, ni "withdrawal". Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, magazeti yalishika "Brexit", lakini mkataba wenyewe ulibeba neno "withdrawal", kwa kuwa ndilo neno la kisheria, na kitenzi chake kimo katika Ibara ya 50 ya Mkataba wa Umoja wa Ulaya.

3. Kihusishi. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nenda polepole. Unakotoka huja na "from", unakokwenda huja na "for": "her departure from Paris", "her departure for London". Sisi tunasema "kuondoka kwenda", basi mkono unakimbilia "to". Uzuie.

Halafu kuna mtego mkubwa zaidi. "Departure from" ikifuatwa na desturi, kanuni, mpango au mtindo, hakuna aliyeondoka mahali popote. "The minister's departure from the plan" maana yake waziri amekwenda kinyume na mpango. Bado yuko ofisini. Ukiandika kwamba ameondoka, umempa msomaji habari ya uongo. Kila ukiona "a departure from", soma nomino inayofuata kabla hujagusa kalamu. Ikiwa si mahali, kazi au taasisi, yaelekea ni kwenda kinyume, kutofautiana au kuacha mazoea. "A new departure" nayo ni mwelekeo mpya, haina uhusiano na safari.

4. Uzito wa neno. "Departure" ni rasmi. Katika mazungumzo Mwingereza husema "after she left". Taarifa ya kampuni ikisema "his departure", imekaa kimya kuhusu sababu: huenda amejiuzulu, amefukuzwa au amestaafu. Mfasiri asiichague sababu kwa niaba yao. Andika "kuondoka kwake" uishie hapo.

MASWALI

Swali: Kwa hiyo departure na exit ni kitu kimoja?
Jibu: Hatua ya 2.

Swali: Naacha kazi. Niandike "departure letter"?
Jibu: Hapana. "Resignation letter".

Swali: Umekosea. Nimeona ratiba imeandika "departures to London".
Jibu: Sikukosea. Ratiba inaorodhesha safari, na safari huenda "to". Mimi nimezungumzia sentensi inayoeleza mtu kuondoka. Ukitumia "for" katika sentensi hiyo hakuna mhariri atakayekusahihisha.

Swali: Samahani mwalimu, saa ya "departure" kwenye tiketi ni saa ya ndege kupaa?
Jibu: Swali zuri sana. Ni saa ambayo ndege imepangwa kuanza kusogea kutoka ilipoegeshwa. Kupaa ni "takeoff", na huja baadaye. Kwa hiyo unapofasiri ripoti ya safari usiandike "ilipaa saa nne" kwa sababu tu umeona "departed".

Swali: Mbona "leave" ni kuondoka na pia ni likizo? Najiuliza siku nyingi.
Jibu: Hili nalipenda. Ni maneno mawili yaliyokutana kwenye sura moja. Nomino "leave" asili yake ni ruhusa, katika Kiingereza cha kale. Ndiyo maana likizo ni "leave": umeruhusiwa usiwepo. Na "to take one's leave" ni kuaga, kama sisi tunavyoomba ruhusa kwa wenyeji kabla ya kuinuka. Angalia pia kwamba husemwa "on leave", si "on a leave", angalau kwa Kiingereza cha Uingereza.

Swali: Na anayeondoka bila kuaga?
Jibu: Waingereza huita "French leave". Wafaransa nao husema "filer à l'anglaise", yaani kuchopoka Kiingereza. Kila mmoja anamsukumia jirani.

Swali: Nyongeza kutoka kwangu: kwenye tamthilia za Shakespeare mhusika mmoja akitoka huandikwa "Exit", wakiwa wengi "Exeunt".
Jibu: Asante, ni kweli. Ni Kilatini: "anatoka" na "wanatoka". Kwa hiyo katika tafsiri ya tamthilia weka kitenzi, "Anatoka", wala si "Njia ya kutokea" kama nilivyokwisha kuona.