Injini Inagonga: Tafuta Mlio Ulipo Kabla ya Kufungua Chochote

Injini ikianza kugonga ghafla, angalia kwanza taa nyekundu ya oili. Ikiwa inawaka, zima gari hapo hapo, hata kama mji wa Ahero unakokwenda unauona kwa macho. Beringi za konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, hubebwa na utando mwembamba wa oili. Utando ukikatika, chuma kinasaga chuma, na dakika chache zinatosha kuiharibu kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Taa isipowaka, una nafasi ya kutafuta chanzo. Itumie. Wateja wengi hunijia hapa Kisumu wakiwa wameshaambiwa wanunue injini nyingine, kumbe kilichokatika ni mauntingi, raba inayoshikilia injini kwenye bodi.

Hatua ya 1: Pima oili

Egesha mahali tambarare, zima, ngoja dakika tano, chomoa dipstiki, ipanguse, irudishe, kisha ichomoe tena. Injini ya 1NZ iliyo kwenye Probox nyingi hubeba takriban lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo ikipungua lita moja umepoteza zaidi ya robo. Ikiwa imeshuka chini ya alama, jaza, washa, sikiliza tena. Ikiwa imepita alama ya juu na inanuka petroli, imwage yote.

Hatua ya 2: Jua inagonga wakati gani

Hapa usiharakishe. Ikigonga asubuhi ikiwa baridi, kisha ikanyamaza ikipata moto, mara nyingi ni pistoni iliyolegea ndani ya silinda, na gari linaweza kwenda hivyo muda mrefu. Mlio mwepesi wa ti-ti-ti kutoka juu ni wa tapeti, vifaa vinavyosukuma vali. Kishindo kimoja unapoingiza gia au unapozima ni mauntingi. Lakini du-du-du nzito kutoka chini, inayoongezeka unapokanyaga mafuta na kuzidi oili ikipata moto, hiyo ndiyo ya kuogopa: konrodi.

Kuna pia mlio wa mlimani. Unapanda kutoka Kisian kwenda Maseno, abiria wamejaa, unakanyaga, unasikia kama kokoto zinatikiswa kwenye mkebe. Hapo petroli inajilipua yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Huletwa na petroli duni, injini kupata joto kupita kiasi, au kaboni iliyoganda juu ya pistoni. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli huleta mlio huo huo. Ndiyo sababu mwaka 2018 serikali iliyawekea ushuru wa shilingi 18 kwa lita.

Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru takriban 1,850. Hewa ya Nakuru ni nyepesi, shinikizo ndani ya silinda linapungua, na gari lililokuwa likigonga Kisian linaweza kunyamaza huko. Halijapona.

Hatua ya 3: Toa mkanda wa feni

Washa kwa nusu dakika tu, maana kwenye injini nyingi pampu ya maji haizunguki bila mkanda huo. Mlio ukipotea, chunguza altaneta, kompresa ya AC, tenshona inayokaza mkanda na pampu yenyewe. Injini haina kosa.

Hatua ya 4: Sikiliza kwa bisibisi ndefu

Ncha kwenye chuma, mpini kwenye sikio, nguo mbali na mikanda. Anza kwenye kifuniko cha vali, shuka kwenye bloku, kisha sampu (bakuli la oili chini ya injini), umalizie pale injini inapokutana na giaboksi. Kwenye gari la otomatiki, sahani ya flaiwili ikipasuka hugonga sawasawa na konrodi, na fundi mwenye haraka atafungua injini nzima bure.

Hatua ya 5: Kata silinda moja moja

Zima injini. Chomoa soketi ya koili ya silinda ya kwanza pamoja na ya injekta yake, petroli isiingie bila kuwaka. Washa, sikiliza sekunde chache, zima, rudisha, nenda kwa inayofuata. Kugonga kukipungua sana ukikata silinda fulani, konrodi ya hapo ndiyo yenye shida, kwa kuwa hakuna tena mlipuko wa kuisukuma. Tapeti haitajali. Kwa dizeli ya komon-reli, ambayo injekta zote hulishwa na paipu moja yenye shinikizo kubwa, usilegeze kamwe paipu za injekta injini ikinguruma: shinikizo linaweza kupita baa 1,000 na dizeli hupenya ngozi.

Hatua ya 6: Fungua filta ya oili

Usiikate kwa msumeno, utaingiza vumbi jipya la chuma. Tumia patasi au kikatio cha filta. Toa karatasi, ikamue, itandaze juani. Ukiona chembe zinazometameta rangi ya fedha au shaba, pitisha sumaku. Zisiponata, hizo huenda ni za beringi.

Ikithibitika ni konrodi

Gari livutwe, lisiendeshwe. Shusha sampu, fungua kifuniko cha konrodi ile. Kranki ikiwa laini na vipimo vyake viko sawa, beringi mpya zinatosha. Ikiwa imechubuka, ichongwe kwa mashine na ivishwe beringi nene zaidi za milimita 0.25 au 0.50, kulingana na kina cha mchubuko. Osha chujio la pampu ya oili lililomo ndani ya sampu, kwani likibaki limeziba, beringi mpya hazitafika mbali. Ukishafunga na kujaza oili, acha soketi za koili na injekta zikiwa nje, piga stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izimike, ndipo uzirudishe uwashe.