Namna ya kutengeneza marimba ya mkono ya kuchomeka kwenye amplifaya

Marimba inayozungumziwa hapa ni ile ya kushikwa kwa mikono miwili na kupigwa kwa vidole gumba, ambayo Wagogo wa Dodoma huiita ilimba na Wakongo huiita likembe. Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa kundi la Konono Nº1 la Kinshasa, aliitengenezea likembe maikrofoni zake mwenyewe kwa kutumia sumaku zilizotolewa kwenye vipuri vya magari, ili isikike penye makelele ya jiji. Makwaruzo ya vifaa hivyo hayakufichwa, bali yakawa sehemu ya muziki uliovuma duniani kwa albamu ya Congotronics ya mwaka 2004. Njia ninayoieleza ni nyepesi zaidi, kwa kuwa inatumia kisahani cha piezo, yaani kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, badala ya sumaku, lakini nami sitakufundisha kuyaondoa makwaruzo, kwani bila hayo marimba hubaki kama kengele za mlangoni.

Anza na vyuma, kwa sababu ndivyo vinavyoamua ukubwa wa sanduku. Chukua spoki 5 za baiskeli kuukuu zenye unene wa milimita 2, ukate kila moja vipande viwili vya sentimita 11, nawe utapata vipande 9 vya kutumia na kimoja cha akiba. Weka kila kipande juu ya chuma kizito na ukigonge kwa nyundo upande mmoja hadi kibapate na kubaki na unene wa takriban milimita 1. Usikitie motoni ili kurahisisha kazi, maana spoki iliyopata moto hulegea na mlio wake hufa upesi.

Sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 20, upana wa sentimita 14 na kina cha sentimita 4 linatosha, mradi uso wake uwe wa plaiwudi nyembamba ya milimita 4. Vyuma hupita juu ya maegemeo mawili ya mbao ngumu, la mbele na la nyuma, na katikati yake hukandamizwa na kibano cha chuma kilichokazwa kwa skrubu tatu. Kibano kikilegea, vyuma vitahama wakati wa kupiga. Kikikazwa mno, hutaweza kuvisogeza wakati wa kulinganisha sauti.

Kulinganisha sauti ndiko kunakohitaji uvumilivu. Ukikisukuma chuma ndani ili sehemu inayotokeza mbele ya egemeo iwe fupi, sauti hupanda. Ukikivuta nje, hushuka. Tena hupanda kwa kasi kuliko wengi wanavyotarajia: chuma kikipunguzwa hadi nusu ya urefu wake, sauti haipandi oktava moja (yaani hadi noti ileile iliyo juu yake) bali mbili, na ili upate oktava moja unatakiwa kubakiza kama asilimia 71 tu ya urefu. Chuma chenye unene wa milimita 1 kinachotokeza milimita 64 hutoa takriban hezi 200, yaani mitikisiko 200 kwa sekunde, na kikibaki milimita 45 hutoa kama 400. Marekebisho madogo hufanywa kwa tupa: ukikwangua ncha, sauti hupanda, na ukikwangua karibu na egemeo, hushuka. Donge dogo la nta chini ya ncha nalo huishusha, na linaondoleka ukikosea.

Kwa mfumo wa sauti, napendekeza ule wa Wagogo, ambao hufuata ngazi za asili za mlio mmoja wa chini, yaani milio iliyo mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea ya huo. Ukichukua hezi 50 kuwa msingi, vyuma vyako 9 vitakuwa 200, 250, 300, 350, 400, 450, 500, 600 na 700. Kile cha chini kabisa kikae katikati, na vingine vipangwe kwa zamu kushoto na kulia kadiri sauti inavyopanda. Programu ya kulinganishia iliyo kwenye simu italalamika, maana ukihesabu kuanzia 200, zile 350 na 700 zimeshuka kidogo kuliko noti za piano. Iache ilalamike, kwa maana ladha ya mfumo huu imo humohumo.

Mkwaruzo hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuvisha kila chuma, nyuma ya egemeo la mbele, kipete chepesi cha bati kinachochezacheza. Ya pili ni ya ilimba yenyewe: tundu dogo kwenye uso wa sanduku hufunikwa kwa ule utando mweupe, mwembamba kama karatasi, ambao buibui huubandika ukutani. Tofauti yake ni kubwa unapotumia umeme. Piezo husikia mtikisiko wa mbao na si wa hewa. Kwa hiyo vipete huvuma waziwazi spikani, ilhali utando husikika tu ikiwa kisahani kiko karibu na tundu lake.

Kisahani chenyewe, cha shaba ya manjano na upana wa milimita 27, hupatikana ndani ya vifaa vya kutoa mlio wa tahadhari. Lehemu waya mmoja kwenye shaba na mwingine kwenye kauri nyeupe ya katikati, bila kuigusa kauri hiyo kwa zaidi ya sekunde mbili, kisha uzipeleke nyaya kwenye tundu la jeki ya gitaa. Kwanza kishikize kwa utepe tu, usikilize, ukihamishe, usikilize tena. Kwenye marimba yangu ya kwanza nilikibandika kisahani kwa gundi papo hapo, katikati ya uso. Spika ikanguruma kila nilipogusa sanduku na kupiga mluzi kila nilipoongeza sauti, na nilipojaribu kukibandua, kauri ikavunjika. Mahali ambapo pamenifaa tangu hapo ni upande wa ndani, chini ya mwisho mmoja wa egemeo la mbele.

Ukiichomeka kwenye mikisa (kifaa cha kuchanganyia sauti) ya kawaida na sauti ikatoka nyembamba kama ya redio mbovu, usilaumu chuma wala mbao. Kisahani cha aina hii huwa na uwezo wa kuhifadhi chaji wa takriban nanofaradi 20, na mlango wenye ukinzani wa kiloomu 10 hupunguza kila kilicho chini ya hezi 800, yaani sauti za msingi za vyuma vyako vyote. Tumia mlango wa gitaa wenye megaomu 1, ambapo upungufu huo huanzia hezi 8, chini ya uwezo wa sikio. Kisha simama ubavuni mwa spika, si mbele yake, na uongeze sauti hadi vipete vianze kukoroma.