Namna ya kuitisha siku ya picha na karatasi za zamani kijijini

Mara ya kwanza nilibandika tangazo kwenye mlango wa maktaba yetu hapa Moshi mjini: leteni picha za zamani tuzihifadhi. Wiki tatu hakuja mtu. Bibi mmoja wa Kibosho niliyemkuta sokoni ndiye aliyenieleza sababu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Mwanangu, sanduku la marehemu halipandishwi daladala." Toka siku hiyo kazi hii naifanya kwa kuwafuata watu waliko, na ndivyo ninavyokushauri wewe unayetunza maktaba, iwe ya shule, ya parokia au ya chama cha msingi cha ushirika.

Chagua siku kati ya Krismasi na mwaka mpya. Wachaga walioko Dar es Salaam na Mwanza wamepanda mlimani, mbuzi amechinjwa, ndugu wako pamoja, na anayejua sanduku liko uvungu wa kitanda gani yupo. Masika usijaribu, njia za juu ni utelezi mtupu na karatasi haipendi unyevu. Mwone paroko au mchungaji mapema akupe ukumbi, na umwombe tangazo lisomwe baada ya ibada Jumapili mbili mfululizo. Mwenyekiti wa kitongoji naye apewe taarifa, maana wazee watamuuliza yeye kwanza kama wewe ni mtu wa kuaminika.

Na hapo kwenye kuaminika ndipo penye kazi. Katika nyumba moja nilioneshwa msumari ukutani, hauna kitu. Ofisi moja iliazima picha pekee ya baba yao ikaahidi kuirudisha baada ya wiki, na hadi leo haijarudi. Msumari hawajaung'oa. Kwa hiyo sharti langu la kwanza, ambalo nalitamka kwa sauti kabla ya kufungua skana, ni hili: hakuna karatasi wala picha itakayolala kwetu. Inanakiliwa mbele ya mwenyewe, anaondoka nayo mkononi.

Vifaa si vingi. Beba skana moja ya kulaza, kompyuta, waya mrefu wa umeme, penseli laini, brashi laini ya kufutia vumbi, bahasha za khaki na daftari la namba. Picha iskani kwa nukta 600 kwa inchi, karatasi za maandishi 300 zinatosha. Nakala kuu iwe TIFF, faili kubwa lisilopoteza ubora, na ya kutumiana kwa simu iwe JPEG, faili dogo. Umeme ukikatika, na Desemba utakatika, sogeza meza dirishani, laza picha chini, ipige kwa simu ukiwa umeisimamia wima, bila kuwasha mwanga wa simu.

Mikono iwe imenawiwa na kukauka kabisa. Mtori na mbege viwe na meza yao, mbali. Usitie seloteipu kwenye mpasuko, usipeleke kitu kwenye laminesheni, usiandike kwa kalamu ya wino nyuma ya picha. Wino hupenya ukatokea usoni. Ukikuta albamu zile za kurasa zenye gundi, picha isiyotoka usiing'ang'anize. Iskani ikiwa hapo hapo kwenye ukurasa.

Sasa maswali. Weka mtu wa kuskani na mtu wa kuuliza, wasiwe mmoja. Anayeuliza akae ubavuni kwa mzee, awashe kinasa sauti kwa ruhusa yake, na aanze na vitu kabla ya majina: hapa ni wapi, mti gani huu, nguo hii ilikuwa ya siku gani. Maktaba yetu ina picha ambayo nyuma iliandikwa tu "Wakulima wa kahawa, Kilimanjaro". Niliibeba siku hiyo kijijini. Yule bibi wa Kibosho aliisogeza karibu na macho, akacheka. "Huyu si mkulima, huyu karani wa mizani. Huoni penseli sikioni? Na huyu mwenye kilemba ni mama mkwe wangu. Mkono wake wa kulia ulikuwa haukunjiki, ndiyo maana fundo limekaa upande." Nikamuuliza mwaka. Mwaka hakuujua, lakini alionesha kanisa kwa nyuma: bado nyasi. Bati liliezekwa mwaka aliozaliwa kifungua mimba wake, na cheti cha ubatizo kilikuwa ndani ya sanduku lile lile: 1954. Basi picha ni ya kabla ya hapo. Kwa hiyo ukimwuliza mtu mwaka akasema hajui, mwulize nani alikuwa amezaliwa, nani alikuwa ameolewa, mfongo, yaani mfereji wa maji ya mashamba, ulikuwa unapita wapi.

Karatasi nazo usizidharau kwa kuwa hazina sura za watu. Wakulima wa mlima huu walikuwa na chama chao cha kahawa tangu 1925, na KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Kilimanjaro, ikaandikishwa mwaka 1933. Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, makaratasi mengi yalipoteza mwenyewe. Mzee mmoja, karani wa zamani, alitoa kwenye gunia daftari la mihtasari ya chama chao cha msingi. Alilipeleka nyumbani ili mchwa wasilile ofisini, akalitunza juu ya dari ya jikoni, na moshi ndio uliolinusuru. Lina majina ya wajumbe, kilo, na ugomvi wa mizani. Kwa mafaili ya serikali njia ni nyingine: Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 huyafungua kwa umma yakitimiza miaka 30, na kwa hayo nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Kuna vitu sivipokei hata nikiletewa. Hati na makubaliano ya vihamba, yaani mashamba ya ukoo, kama ndugu wote hawajakaa wakakubaliana, nairudisha bahasha bila kuifungua. Nakala moja inaweza kuwafikisha ndugu barazani. Barua za hospitali vilevile. Kwa vingine vyote kuna fomu ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, yenye maswali matatu: tutunze tu, tuoneshe maktabani, au tuweke hata intanetini? Tangu tupate sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 fomu hii si hiari, lakini mimi ningeitaka hata bila sheria.

Jioni ile ile nakili kila kitu mara tatu: kompyuta ya maktaba, diski ya nje, na diski nyingine ikae mji mwingine. Mimi yangu iko Arusha kwa mwenzangu wa kazi.

Pasaka rudi kijijini, hata kama ni masika, maana sasa unapeleka nakala tu. Kila familia ipewe picha yake iliyochapwa kwa ukubwa wa karatasi ya A4, na zile zisizotambuliwa zibandike ukutani ukumbini na penseli ikining'inia kwa uzi. Mwaka jana tulibandika 12, tukaondoka na majina ya tisa. Namba 41 ya daftari letu, vijana wawili na baiskeli mbele ya ghala la kahawa, bado iko ukutani.