Somo: Kumwonjesha mwenzako bendi asiyoijua

Dada mmoja wa hapa Arusha aliniuliza kwa nini kila bendi anayoisifia mbele ya wenzake wa kazini hujibiwa "sawa, nitaisikiliza", halafu hakuna anayeisikiliza. Nimelihangaikia swali hilo miaka mingi, kwa sababu najua uchungu wake. Unaupenda wimbo mpaka unakunyima usingizi, unamkabidhi mtu, naye anaupita kama tangazo la ukutani.

Zamani nilimjazia mfanyakazi mwenzangu nyimbo arobaini kwenye flashi. Nilizichagua usiku kucha. Baada ya mwezi akanirudishia flashi, na ndani yake mlikuwa na picha za harusi ya shangazi yake tu. Nyimbo zangu alizifuta ili apate nafasi. Nilinuna siku mbili, kisha nikaelewa kwamba kosa halikuwa lake. Baadaye tulisafiri pamoja kwa Coaster kutoka hapa kwenda Moshi, kilomita kama 80, nikampa spika moja ya masikioni na wimbo mmoja. Tulipofika Boma Ng'ombe alikuwa ameshaurudia mara tatu. Somo hili limetokana na tofauti ya siku hizo mbili.

Hatua ya 1: Msikilize yeye kwanza

Usimuulize "unapenda muziki gani?" Atakujibu "wowote", na hilo halikusaidii. Muulize wimbo upi huuimba akiosha gari au akimenya ndizi. Akishautaja, chimba kidogo: kinachomshika ni nini? Sauti ya mwimbaji? Gitaa la solo? Besi? Maneno? Wapo watu wanaopenda wimbo kwa sababu ya kisa kinachosimuliwa tu, na ukiwapa wimbo wenye magitaa matamu usio na kisa, umepotea. Wengine maneno hawayasikii kabisa, wanasikia ngoma. Hapa usiwe na haraka.

Hatua ya 2: Tafuta mlango

Kitu kisichojulikana kinaingia kwa mlango wa kile kinachojulikana. Mfanyakazi mwenzangu yule alikuwa mpenzi mkubwa wa Les Wanyika. "Sina Makosa" aliujua neno kwa neno, kama watu wengi wa huku kaskazini. Nikamuuliza: unajua kwamba mizizi ya hao jamaa imepita hapa hapa Arusha? Hakujua.

Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walipigia Jamhuri Jazz kwao kabla ya kuhamia huku mwaka 1970. Wakiwa hapa, pamoja na ndugu yao William, waliunda bendi iliyoitwa Arusha Jazz. Haikukaa sana. Mwaka 1971 walivuka mpaka kwenda Kenya, na huko wakaanzisha Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga wakaunda Les Wanyika, ndiyo iliyotoa "Sina Makosa". Kwa hiyo mtu anayeimba wimbo ule pale Kijenge anaimba tawi la mti ambao ulisimama mtaani kwake kwa muda, bila yeye kujua. Nilipomweleza hayo kwenye Coaster alinishika mkono: "Arusha hii hii?" Kuanzia hapo sikuwa na haja ya kumbembeleza. Nilimpa "Shilingi" wa Simba Wanyika, na aliusikiliza kama mtu anayetafuta jina la babu yake.

Mlango hauhitaji kuwa wa zilipendwa. Kijana anayelipenda kundi la hip hop la Weusi, akina Joh Makini na G Nako, mpe X Plastaz. Hao ni wa hapa hapa, kundi lililoanza mwaka 1996, na albamu yao ya "Maasai Hip Hop" ilitoka mwaka 2004 kupitia kampuni ya Ujerumani. Ndani yake utamsikia Yamat Ole Meipuko akiimba Kimasai juu ya midundo ya hip hop, na wale wachanaji wakimjibu kwa Kiswahili. Faza Nelly, mmoja wa nguzo zake, alifariki mwaka 2006. Inaniuma kwamba kuna vijana wa Ngarenaro wanaowajua wachanaji wa New York kwa majina yao ya kuzaliwa, na hawajawahi kumsikia huyu.

Na kwa anayependa gitaa tulivu na mwanamke anayetunga nyimbo zake mwenyewe, mtajie Carola Kinasha, mzaliwa wa Longido. Siku ukienda Namanga unapita kwao.

Hatua ya 3: Mfuate mtu, usiishie kwenye jina la bendi

Hapa ndipo wapenzi wengi wa muziki wetu wanapokwama. Bendi zetu zimebadilisha majina, na wanamuziki wamehama kama wachezaji wa mpira. NUTA Jazz ya mwaka 1964 baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo watu wanaijua kama Msondo Ngoma. Ukitafuta jina moja tu, umepata robo ya nyimbo. Simba Wanyika nao kuna rekodi walizozitoa kwa jina la Jobiso.

Dawa yake ni kushika jina la mtu mmoja na kumfuata. Mshike Muhiddin Gurumo, kwa mfano. Utaanza naye NUTA, utamkuta Mlimani Park mwaka 1978 mtindo wa Sikinde ulipozaliwa, utamkuta Safari Sound kwenye mtindo wa Ndekule katikati ya miaka ya themanini, halafu atakurudisha Msondo. Alifariki mwaka 2014. Sauti moja imekuonyesha nyumba tatu, na katika kila nyumba kuna watunzi wengine ambao mwenzako hajawahi kuwasikia.

Ukipata santuri yenyewe, soma karatasi ya katikati. Chini ya jina la wimbo, mara nyingi kwenye mabano, limeandikwa jina la mtunzi. Lipige picha. Sisi huwa tunasema "wimbo wa Sikinde" au "wimbo wa Msondo", na yule aliyekaa chini akautunga anayeyuka. Kumpendekeza mtunzi maana yake ni kumtaja kwa jina lake.

Hatua ya 4: Wimbo mmoja, na uwe mzima

Mgeni hapewi pipa la mbege, hupewa kata moja. Chagua wimbo mmoja. Ukishindwa kuchagua, basi bado hujamsikiliza mwenzako vya kutosha, rudi hatua ya kwanza.

Kisha hakikisha wimbo umekamilika. Santuri ndogo za zamani hazikubeba wimbo mrefu kwa upande mmoja, kwa hiyo wimbo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa nyuma. Aliyeuweka YouTube pengine ameweka upande mmoja tu. Ukisikia sauti inafifia magitaa ndiyo kwanza yanaanza kukolea, tafuta nusu ya pili. Katika dansi letu nusu hiyo ndiyo yenye chemko: kuimba kunapungua, magitaa yanajibizana, tarumbeta zinaingia. Kumpa mtu wimbo wa dansi bila chemko ni kumpa mchemsho bila supu.

Hatua ya 5: Mwambie pa kutegea sikio

Usiseme "ni wimbo mkali sana". Kila mtu husema hivyo. Mpe kitu kimoja cha kusikiliza. "Acha solo, sikiliza gitaa la rhythm la Omar Shabani wa Les Wanyika, halichoki mpaka mwisho." Au: "Ngoja ubeti wa pili, huyo anayelalamika utagundua ni mume." Kama bendi ina mtindo, utaje, maana ulikuwa kama sahihi yao: Western Jazz walikuwa na Saboso, Tabora Jazz Segere Matata, Maquis Kamanyola. Mtu akishalijua jina la mtindo, anaanza kuusikia.

Hatua ya 6: Mwache

Usimpigie kesho yake kumuuliza. Mpe wiki nzima.

Hatua ya 7: Mwelekeze kwa mwanamuziki aliye hai

Kama bendi bado inapiga, nendeni mkaione na mlipe kiingilio. Kama mtunzi anauza kazi yake mtandaoni, mnunulie mwenzako. Kuna wanamuziki hapa mjini wanapiga kila wikendi kwenye baa na hoteli, wanatungia nyimbo zao kwenye daftari, na jina lao halijulikani hata na mhudumu anayewaletea maji. Waulize majina yao. Waulize wimbo upi ni wao wenyewe, kisha uombe waupige huo.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu cha muziki

*Mwanachama wa Ngaramtoni:* Shikamoo mwalimu. Mdogo wangu ana miaka kumi na tisa, anasikiliza singeli tu. Nikimwekea dansi anasema inamlaza. Nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Usimpeleke kwenye dansi kwanza, huo ni mruko mrefu. Singeli ina mzazi, naye ni mchiriku wa uswahilini Dar es Salaam: ngoma za kasi na kinanda kidogo cha Casio kilichopitishwa kwenye spika chakavu. Mtafutie Jagwa Music, albamu yao "Bongo Hotheads" ya mwaka 2012. Atasikia kasi anayoipenda, ikipigwa kwa mikono. Kisha mwulize maneno yanasema nini. Akianza kufuatilia visa, hapo dansi hailazi tena.

*Mwanachama wa Majengo, Moshi:* Mama yangu ni mtu wa kanisa. Anasema bendi ni mambo ya baa. Ningependa asikie jinsi wazee hao walivyokuwa wanaimba.

Mwanangu, usimfiche mama kitu. Ila mwambie habari ya Cosmas Chidumule, mmoja wa waimbaji wa Mlimani Park, aliyeacha dansi akageukia nyimbo za Injili. Remmy Ongala naye aligeukia Injili mwishoni mwa maisha yake. Mwekee nyimbo zao za Injili na umweleze walikotoka. Akitaka kusikia za zamani ataomba mwenyewe, na asipotaka, ameshawasikia wazee wenyewe, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yako.

*Mwanachama wa Sakina:* Kaka, wengine tunasikiliza muziki wa nje. Hatua hizi zinafaa huko pia?

Zinafaa kabisa. Mchukue Rodriguez wa Detroit, Marekani. Alitoa albamu mbili, mwaka 1970 na 1971, kwao hazikuuzika, akarudi kwenye kazi za ujenzi. Huku Afrika Kusini watu walikuwa wanaziimba majumbani mwao, na yeye hakujua mpaka miaka ya tisini. Alikwenda kuwaimbia mwaka 1998. Alifariki mwaka 2023. Ujumbe wake haukubebwa na kampuni peke yake. Ulibebwa pia na mtu aliyemnakilia rafiki yake kanda. Mpe mwenzako wimbo mmoja wa albamu ya kwanza, na umsimulie hayo baada ya kuusikiliza, si kabla. Hadithi ikitangulia, mtu anasikiliza hadithi.

*Mwanachama wa Usa River:* Mwalimu, bando ni ghali. Mimi hujaziwa nyimbo kwenye memori kadi pale kibandani, alfu mbili kadi inajaa. Ni makosa?

Nakuelewa, ndugu yangu. Lakini sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Hata Mbaraka Mwinshehe aliyefariki mwaka 1979 bado kazi zake zina wenyewe. Ile alfu mbili yako haimfikii mtunzi wala familia yake. Ninavyofanya mimi: redio ni bure, kwa hiyo nasikiliza vipindi vya zilipendwa nikiwa na kalamu mkononi, nikipenda wimbo naandika jina, na mwisho wa mwezi nanunua mmoja au miwili kwa njia halali. Kumi na tano kwa mwaka, lakini zote nazijua.

*Mwanachama wa Tengeru:* Naomba orodha ya bendi kumi nianze nazo.

Kumi sitakupa, dada, utanifanyia kama yule wa flashi. Nakupa watatu. Afro 70 ya Patrick Balisidya, kisha uifuate rekodi aliyofanya Stockholm mwaka 1979 na bendi ya Archimedes. The Zawose Queens, wanawake wa ukoo wa Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wa Kigogo, walioimba nyuma ya wanaume kwa miaka mingi mpaka albamu yao "Maisha" ilipotoka mwaka 2024. Na Leo Mkanyia, anayeuita muziki wake Swahili Blues. Ukimaliza hao, uniambie yupi alikushika na kwa nini, nitakupa wa nne.

*Mwanachama wa Kijenge:* Nina kanda ya marehemu baba. Kuna wimbo mmoja ndani yake naupenda kuliko zote, lakini haina jadala wala maandishi. Nikimpa mtu niseme ni wa nani?

Sema ukweli: kanda ya baba, mwimbaji hajajulikana. Usikisie, kwa sababu kisio lako kesho litageuka jina la wimbo kwenye simu za watu mia. Andika maneno ya kiitikio kwenye karatasi. Sikiliza vizuri mwishoni, kwenye chemko, maana mara nyingi waimbaji hutaja jina la bendi, la mpiga solo, au la mtindo wao. Halafu Jumapili uilete hiyo kanda. Deki yangu ya kanda bado inafanya kazi, na kuna wazee wawili wa mtaa wa Unga Limited nitawaita waje waisikie.