Kumwongoza mkimbiaji chipukizi wa mbio ndefu Dodoma na Singida

Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa wa Singida, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2:09:48, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde. Mzazi au mwalimu wa michezo wa Kanda ya Kati anayetaka kumwongoza kijana katika njia hiyo na azitazame kwanza mita za mwisho za mbio zile. Baada ya kilomita 42, kilichoamua ubingwa kilikuwa kasi ya miguu, na msingi wa kasi hiyo ni vyema ujengwe kabla kijana hajatimiza miaka 20. Simbu alikuwa na miaka 25 alipopata shaba ya dunia London mwaka 2017, na miaka 33 alipopata dhahabu. Muda upo, na kosa kubwa ni kumkimbiza mtoto wa miaka 15 kwenye mbio za barabarani za kilomita 21 kwa sababu tu kuna bahasha mwishoni.

Kati ya miaka 13 na 15, kijana na akimbie masafa ya aina nyingi: mita 100, 400, 800, kupokezana vijiti, kuruka, na mpira pia. Mazoezi matatu au manne kwa wiki yanatosha. Wakati wa kuhesabu mazoezi hayo, usisahau kazi za nyumbani. Mtoto wa Chamwino au Ikungi anayetembea kilomita kadhaa kwenda shule, akachota maji jioni, na mwezi Januari akashinda shambani akipalilia mtama, amekwisha kuufanyia mwili kazi nzito, hata kama daftari la kocha halionyeshi kitu. Msimu wa kilimo ni wakati wa kupunguza mazoezi, tena bila manung'uniko.

Kuanzia miaka 16 hadi 19, mlenge kwenye mita 1,500 na 3,000, kisha 5,000 na mbio za nyika. Hata katika mashindano ya dunia ya mbio za nyika, wavulana walio chini ya miaka 20 hukimbia kilomita 8 na wasichana kilomita 6. Wiki moja inaweza kuwa na siku mbili au tatu za kukimbia polepole kiasi cha kuweza kuongea, siku moja ya vipande vya kasi, siku moja ya kupanda kilima kifupi mara sita hadi nane huku akishuka kwa kutembea, na walau siku moja ya kupumzika kabisa. Ongezeko la masafa liwe dogo, na kila wiki ya nne ipunguzwe.

Kukosa uwanja wa riadha si kikwazo. Uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 una mzunguko wa mita 346 ukifuata mistari yake. Lakini viwanja vya shule hutofautiana, kwa hiyo upime kwa futikamba na uandike kipimo hicho mahali pa kudumu, ili muda wa mwezi huu uweze kulinganishwa na wa mwaka ujao. Kiangazi cha Dodoma kina upepo mkali na vumbi: toka alfajiri, anza kwa kuukabili upepo na urudi ukiupa mgongo. Kukimbia pekupeku kwenye udongo laini kunaimarisha nyayo, ila mbigiri haina huruma, na viatu vya mtumba vyenye soli nzima vitafaa kuliko vipya vinavyobana.

Kwenye chakula, eneo letu lina utajiri mkubwa. Ugali wa uwele au mtama, kunde, karanga, dagaa na mlenda ni chakula cha mwanariadha. Jambo la kuangalia kwa makini ni madini ya chuma, hasa kwa wasichana: chai ya rangi pamoja na mlo huzuia mwili kuyafyonza, ilhali juisi ya ubuyu husaidia kwa vitamini C iliyomo, basi chai na inywewe saa moja au mbili baada ya kula. Msichana ambaye hedhi yake imekoma kwa miezi mitatu apelekwe kituo cha afya, wala asipongezwe kwa wembamba wake. Maumivu chini ya goti kwa kijana anayerefuka haraka yanadai mapumziko, na aliyetoka kuugua malaria arudi kwanza kwa kutembea.

Njia ya kuonekana inaanzia kwenye mashindano ya michezo ya wanafunzi, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, kutoka shuleni hadi taifa. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, kipatikane mapema na kiwe cha kweli. Anayepunguziwa umri humnyang'anya nafasi mtoto mwingine, na siku hati zitakapogongana atafungiwa. Kijana aliyefika ngazi ya mkoa ajulishwe pia kwa chama cha riadha cha mkoa. Wengi huendelea baadaye kupitia timu za majeshi, kama Simbu mwenyewe, jambo linalodai cheti cha shule, kwa hiyo mazoezi yasile muda wa masomo.

Mtu akija na ahadi ya kambi Arusha au mashindano ya nje, mzazi aulize nani analipa chakula, shule na matibabu, na majibu yaandikwe. Kijana aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kisheria wa kujifunga kwa mkataba. Mzazi ausome, na mwanasheria auone kabla ya saini yoyote. Pasipoti ikae kwa mwenyewe au kwa mzazi wake. Dawa au unga wa kuongeza nguvu usiojulikana ukataliwe, kwa kuwa kanuni za michezo humwajibisha mwanariadha mwenyewe kwa kila kinachokutwa mwilini mwake, hata kama alipewa na kocha.